Ekzosi ya MGB: mwongozo kamili wa kuibadilisha, kutoka manifodi hadi mdomoni

MGB, gari dogo la kispoti la kampuni ya MG, ilitoka kiwanda cha Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na zilitengenezwa zaidi ya nusu milioni. Kwa hiyo vipuri vya ekzosi yake bado vinauzwa vipya, vya kila aina na kila bei, na hapo ndipo wengi huharibikiwa. Mwenye gari huona manifodi ya mabomba inayong'aa (manifodi ni sehemu inayofungwa kwenye injini na kukusanya moshi wa silinda), huinunua kwanza, kisha huanza kutafuta vingine vya kuendana nayo. Mwisho gari linapiga kelele zaidi, nguvu yake imeongezeka kidogo tu au haikuongezeka kabisa, na gasketi inavuja.

Mwongozo huu unashika njia tofauti. Katika kuchagua vya kununua, unaanza nyuma, kwenye silensa na mabomba, na manifodi inakuja mwisho, tena ikiwa ina sababu ya kubadilishwa. Unahusu MGB ya silinda nne, injini ya B-series ya cc 1,798. MGC ya silinda sita na ile MGB GT ya V8 zina mabomba yao tofauti kabisa, usizichanganye na hii.

Injini hii inavyotoa moshi

Fungua boneti, tazama upande wa kushoto wa injini. Kabureta na ekzosi viko upande huohuo, na silinda hedi ina matundu matano tu: mawili ya kuingizia na matatu ya kutolea moshi. Silinda ya 1 ina tundu lake, ya 4 ina lake, halafu ya 2 na ya 3 zinatumia tundu moja la katikati.

Anayeona hivyo kwa mara ya kwanza hudhani ni ubahili wa kiwanda. Lakini mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Silinda ya 3 na ya 2 zinapishana kwa mzunguko mzima mmoja wa krankshafti, yaani nyuzi 360, na ya 1 na ya 4 vivyo hivyo. Moshi wa 2 unapotoka, wa 3 umeshaondoka zamani, hazigongani. Manifodi ya chuma cha kuyeyusha ya kiwandani inafuata mantiki hiyohiyo: ina midomo miwili ya chini, mmoja wa jozi ya 1 na 4, mwingine wa jozi ya 2 na 3, na bomba la mbele lina miguu miwili inayokutana chini ya gari. Ni manifodi iliyofikiriwa. Kwa injini yenye kamshafti (shafti inayofungua vavu) ya kawaida, kuibadilisha kwa manifodi ya mabomba hukupa nguvu farasi chache sana, na pengine usizihisi.

Kwa nini basi zinauzwa sana? Zinapendeza, ni nyepesi, na kwenye injini iliyochongwa hedi na kuwekewa kamshafti kali zinaanza kuleta faida ya kweli. Ukiwa bado hujafika huko, fedha yako itafanya kazi zaidi kwenye mabomba, silensa na kurekebisha kabureta.

Tundu la katikati linapitisha moshi wa silinda mbili, kwa hiyo hupata joto kuliko yale ya pembeni. Gasketi ikianza kuungua, anza kutazama hapo.

Amua unachotaka kabla ya kununua

Kipenyo cha bomba ndilo swali la kwanza. Kwa injini ya kawaida ya nguvu farasi 95, bomba la inchi 1¾ (karibu milimita 44) linatosha. Bomba la inchi 2 (milimita 51) lina nafasi ya ndani kubwa zaidi kwa karibu theluthi moja, na watu hudhani kubwa ni bora. Si kwa injini hii. Moshi unapopata nafasi kubwa kupita kiasi unapunguza mwendo, na ile nguvu ya kuvuta kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika inalegea. MGB ni gari linalovuta kutoka chini. Nguvu yake ya kuzungusha (torki) hufika juu kabisa karibu na mizunguko 3,000. Ukiiondolea hiyo umeiondolea utamu wake. Inchi 2 iachie injini iliyoongezwa ukubwa au yenye kamshafti inayoanza kuamka baada ya 3,000.

Swali la pili ni sauti. Injini ya silinda nne huwaka mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 3,000 ekzosi inapigwa mara 100 kwa sekunde. Bodi ya gari nayo ina mtetemo wake, na vikikutana unapata ule mvumo mzito unaokaa kichwani. MGB yenye overdrive (gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini) ikienda kilomita 110 kwa saa inazunguka karibu 3,100. Isiyo nayo inazunguka karibu 3,800. Mfumo wenye silensa moja ya nyuma mara nyingi huvuma kati ya 2,800 na 3,500. Maana yake mwenye overdrive atateswa katika mwendo wa barabara kuu, huku asiye nayo akiupita mvumo huo na kuusahau. Kwa gari la safari weka silensa mbili, ya kati na ya nyuma. Silensa ya nyuzi za kioo ya nyuma pamoja na ya vyumba katikati ni mchanganyiko unaovumilika: inasikika ikikanyagwa, inatulia ikiachiwa. Silensa za nyuzi huongeza kelele kadiri nyuzi zinavyoungua, kwa hiyo sauti unayoisikia siku ya kwanza si utakayoisikia mwaka wa tatu.

Kuhusu chuma: chuma cha kawaida ni rahisi na kina sauti nzito nzuri, lakini kinaoza, hasa gari likiendeshwa safari fupi ambapo maji hayapati kukauka ndani ya silensa. Wakazi wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Muscat, wanajua chumvi ya hewa inavyomalizia kazi. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 kinadumu, ila kina mambo mawili. Sauti yake ni ya juu kidogo, kama ya kugonga sufuria. Pia kinatanuka zaidi: bomba la mita 2.5 likipanda joto kwa nyuzi 300 hurefuka kama milimita 13, wakati la chuma cha kawaida hurefuka kama 9. Ukilifunga kwa vishikizo vilivyokaza bila nafasi, litatafuta pa kupasukia.

Neno kwa wenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia 1975: haya yana kabureta moja ya Zenith-Stromberg, na manifodi ya kuingizia na ya kutolea ni chuma kimoja kilichoyeyushwa pamoja. Huwezi kubadili nusu. Utahitaji manifodi ya kuingizia ya kabureta mbili za SU, manifodi ya ekzosi ya zamani na bomba la mbele la miguu miwili. Kabla ya hayo soma sheria ya jimbo lako: California, magari ya 1975 na ya nyuma yake hayapimwi moshi, lakini ya 1976 na kuendelea yanapimwa, na kuondoa vifaa vya kusafishia moshi ni kosa. Uingereza nako, hata kama gari lililopita miaka 40 bila kubadilishwa sana halilazimiki kwenda kwenye ukaguzi wa kila mwaka, sheria bado inakataza kubadili silensa ili gari lipige kelele zaidi.

Pima injini kwanza

Ekzosi mpya haiponyi injini mgonjwa, na itakuchanganya usijue lipi limetokana na lipi. Pima mgandamizo wa silinda zote injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho; tofauti kati ya ya juu na ya chini isizidi asilimia 10. Weka nafasi ya vavu inchi 0.015 (milimita 0.38) injini ikiwa baridi. Vavu ya moshi iliyobanwa mno haifungi sawasawa, inaungua, na ule mlio wa “paf paf” mdomoni mwa ekzosi utadhani ni wa silensa. Hakikisha taiming (wakati plagi zinapowasha) iko sawa, kisha andika rangi ya plagi zote nne kabla ya kuondoa chochote.

Vitu vya kuandaa

- Bomba la mbele la miguu miwili (au manifodi ya mabomba, kama umeamua hivyo), silensa ya kati, bomba la nyuma na silensa yake, vyote vya kipenyo kimoja
- Gasketi mpya ya manifodi, ile ya kipande kimoja inayobeba kuingizia na kutolea pamoja
- Gasketi za midomo miwili ya chini ya manifodi, stadi (bolti zisizo na kichwa) 6 mpya na nati 6 za shaba
- Stadi 6 za manifodi za inchi 5/16, nati zake, na washa nene
- Vishikizo vyote vya mpira, vipya
- Klempu bapa za kuzunguka bomba, si zile za herufi U peke yake
- Mafuta ya kulainisha kutu, pasta ya shaba, pasta ya kuzibia viungo vya ekzosi
- Spana za inchi, hasa ya 1/2 kwa nati za 5/16, na spana ya kupimia mkazo
- Stendi nne imara. Jeki peke yake haitoshi. Hii ni kazi ya kulala chini ya gari kwa saa nyingi

Usinunue nati za chuma badala ya za shaba kwenye midomo ya chini. Zinafanana bei, lakini chuma juu ya chuma kwenye joto lile hushikana, na atakayefungua baadaye atavunja stadi. Shaba inakubali kufunguka.

Kufungua

Siku mbili kabla, pulizia mafuta ya kutu kwenye kila nati, asubuhi na jioni. Siku ya kazi, ondoa waya wa betri. MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 zina betri iliyofungwa chanya kwenye bodi, kwa hiyo tazama vizuri kabla ya kudhani. Na gari nyingi hadi 1974 zina betri mbili za volti 6 nyuma ya viti.

Inua gari, liweke kwenye stendi, lisukume kwa mkono uone kama linatikisika. Kata bomba la zamani kwa msumeno wa chuma mbele ya silensa ya kati, na tena kabla ya ekseli ya nyuma. Hakuna sababu ya kuliokoa, na vipande vitatu vinatoka kirahisi kuliko kimoja kirefu.

Nati sita za midomo ya chini ndizo zinazokula muda. Iliyogoma usiilazimishe. Ipashe moto kwa gesi hadi shaba ianze kubadilika rangi, iache ipoe kidogo, pulizia mafuta, jaribu tena kwenda mbele na kurudi nyuma robo mzunguko. Lakini kabla ya kuwasha moto wowote pale, toa kabureta. Ziko juu yake moja kwa moja na zina petroli. Funga bomba la petroli, mwaga vyombo vya kuelea (vile vinavyohifadhi petroli kwenye kabureta), peleka kabureta mbali na eneo la kazi.

Ngao ya joto iliyo kati ya kabureta na manifodi kwenye gari za zamani yaweza kuwa na pedi yenye asbesto. Usiikwangue wala kuipiga brashi ya waya ikiwa kavu. Ilowanishe, itoe nzima, ifunge kwenye mfuko, weka mpya.

Stadi ikivunjika ndani ya hedi, sawazisha kilichobaki kwa tupa, piga alama katikati kabisa, anza na kekee ndogo ya milimita 3 au 4. Kukosea kwa milimita moja hapo ni kutoboa pembeni mwa nyuzi. Kama mkono wako hauna uhakika, peleka hedi kwa fundi wa mashine. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuziba tundu lililopotoka.

Manifodi: hapa ndipo uvujaji unapozaliwa

Manifodi ya kuingizia na ya kutolea zinashikwa na stadi zilezile. Washa nene zinakalia midomo yote miwili kwa pamoja: nusu juu ya chuma cha ekzosi, nusu juu ya aluminiamu ya kuingizia. Ikiwa midomo hiyo ina unene sawa, washa inabana yote. Manifodi ya mabomba iliyotengenezwa na kiwanda kingine mara nyingi ina midomo minene au myembamba kuliko ile ya kuingizia. Tofauti ya nusu milimita inatosha washa kukaa mshazari, ikabana upande mmoja na kuuacha mwingine. Fundi anaongeza nguvu kwenye nati, stadi inavutika, na bado inavuja.

Pima kwa kalipa kabla ya kufunga. Ukikuta tofauti, una njia mbili: peleka mdomo mnene ukachongwe kwenye mashine, au chonga hatua kwenye washa zenyewe kwa tupa, upande mmoja ukae juu na mwingine chini kwa kiasi kilekile cha tofauti. Washa zilizochongwa zipige alama na usizichanganye, kila moja ina mahali pake.

Kisha pima ulalo. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya midomo yote mitatu ya ekzosi, jaribu kupitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.10. Ikipita, manifodi imepinda. Za mabomba huja zimepinda kutokana na kuchomelewa, za chuma cha kuyeyusha hupinda kwa miaka. Usitegemee gasketi ifidie.

Safisha uso wa hedi kwa kikwangulio cha shaba au plastiki. Lalisha gasketi kavu, tazama kila tundu: gasketi isiingie ndani ya tundu. Ikiingia, ikate. Usipake silikoni ya gasketi. Inaungua upande wa moshi na kuacha nafasi.

Funga nati zote kwa mkono kwanza, kisha kwa spana kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua mbili, ukiishia na mkazo wa karibu Nm 20 (futi-pauni 15). Ni mdogo kuliko watu wengi wanavyotarajia. Stadi za inchi 5/16 hazihitaji kupigwa kwa bomba la kurefushia spana.

Ukitumia manifodi ya mabomba kwenye gari lenye usukani wa kushoto, kama yale ya Marekani na Ghuba, shafti ya usukani inapita karibu na mabomba. Acha angalau milimita 15, na kumbuka injini inacheza kwenye raba zake. Mwenye usukani wa kulia, kama tulivyo Afrika Mashariki na Uingereza, hana shida hiyo. Kuhusu kufunga manifodi kwa kitambaa cha joto: kinapunguza joto chini ya boneti kweli, lakini kinashika unyevu, na mabomba ya chuma cha kawaida yanaoza chini yake bila kuonekana. Rangi ya kauri ni ghali zaidi, na ndiyo tunayoipendelea.

Kuning'iniza mfumo

Sheria moja: usikaze kitu chochote hadi kila kitu kimening'inia. Ingiza miguu miwili kwenye midomo ya manifodi, nati zishike tu kwa vidole. Unganisha silensa ya kati, bomba la nyuma, silensa ya nyuma. Kwenye kila kiungo, bomba la mbele liingie ndani ya la nyuma, ili moshi usikutane na ukingo. Liingie milimita 40 hadi 50. Klempu za herufi U hubonyeza bomba na kulifanya lisifunguke tena, ndiyo maana zile bapa ni bora.

Sasa shusha gari likae kwenye magurudumu yake, juu ya rampu. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayosababisha kugonga. Gari likiwa kwenye stendi, ekseli ya nyuma inaning'inia chini na nafasi inaonekana kubwa. Likikaa kwenye magurudumu na watu wawili ndani, ekseli imepanda. Acha angalau milimita 25 kati ya bomba na ekseli, springi, mabomba ya breki na nyaya. Milimita 20 na bodi. Zungusha bomba kwenye viungo hadi upate. Halafu mtu akae kwenye buti na kurukaruka kidogo huku mwingine akitazama.

Kishikizo cha kwanza, kilicho karibu na giaboksi, kina kazi tofauti na vya nyuma. Injini inapovuta inalala upande, na bomba la mbele linalala nayo. Kishikizo kikiwa kigumu, mvutano wote unaenda kwenye miguu miwili, nayo hupasuka pale ilipochomelewa. Vya nyuma vibebe uzito na viruhusu bomba kurefuka kuelekea nyuma: likiwa baridi, raba zinapaswa kuvutika kidogo kwenda mbele, ili likishapata moto zinyooke.

Mdomo wa nyuma utoke nje ya bodi kwa milimita 25 hadi 50. Hili si urembo. MGB ya wazi ikiendeshwa turubai likiwa juu na vioo chini hunyonya hewa kutoka nyuma, na mdomo uliokatwa ukaishia chini ya bodi hupeleka kaboni monoksidi ndani. Tazama pia raba za matundu ya buti. Zilizokauka au kutoweka weka mpya.

Baada ya hapo kaza kuanzia mbele kwenda nyuma: nati sita za shaba kwanza kwa zamu na kidogo kidogo, klempu za kati, kisha za nyuma.

Kama unatengenezesha bomba kwa fundi wa silensa mtaani badala ya kununua seti, uliza mashine yake inavyokunja. Mashine nyingi za mitaani hubonyeza bomba kwenye kona, na bomba la milimita 44 lililobonyezwa linabaki na nafasi ndogo kuliko ulivyolipia. Mwombe atumie kona zilizokunjwa kwa kiini cha ndani kinachozuia bomba kubonyea, na azichomelee kwenye vipande vilivyonyooka. Unene wa bomba usipungue milimita 1.5. Kuchomelea kamili kufanyike nje ya gari. Shika vipande kwa nukta tatu tu za kuchomelea chini ya gari kwa uangalifu, toa, malizia mezani. Tangi la petroli liko chini ya buti, na waya wa betri ubaki umetolewa hata kwa zile nukta tatu. Kwa barabara za murramu na matuta, omba pia kila klempu igeuzwe ili bolti zake zitazame juu au pembeni. Bolti inayoning'inia chini ndiyo itakayokwaruzwa kwanza.

Kuwasha na kurekebisha kabureta

Rudisha kabureta, na hakikisha mabomba ya kumwagia petroli ya ziada kutoka vyombo vya kuelea yanashuka chini, mbali na ekzosi. Sindano ya chombo ikikwama petroli inamwagika, na kama bomba lake linaishia juu ya manifodi unaanza moto.

Washa injini ikiwa baridi. Ziba mdomo wa nyuma kwa kitambaa kizito kwa sekunde chache: injini inapaswa kuzidiwa na kukaribia kuzimika. Ikiendelea bila kusumbuka, kuna mahali inavuja. Pulizia maji ya sabuni kwenye viungo utafute mapovu kabla mabomba hayajapata moto. Moshi na harufu ya pasta katika dakika kumi za kwanza ni kawaida.

Ekzosi inayopitisha vizuri zaidi huifanya injini ivute hewa zaidi, na mchanganyiko unaelekea kupungua mafuta. Kwenye kabureta za SU HS4, subiri injini ipate moto kamili, sawazisha kabureta mbili zivute hewa kwa nguvu sawa, kisha inua pistoni ya kabureta moja kwa milimita 0.8 kwa kipini chake cha kuinulia. Mizunguko ikipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ikianguka injini ikataka kuzima, mafuta ni machache. Ikipanda kidogo kisha ikarudi, ndipo penyewe. Zungusha nati ya jeti (kijibomba kinachopitisha petroli) ubapa mmoja kwa wakati. Kushusha jeti kunaongeza mafuta. Fanya hivyo kwa kabureta zote mbili, urudie ya kwanza.

Hilo linarekebisha mchanganyiko injini ikiwa imetulia. Wa mwendo unaamuliwa na umbo la sindano ya pistoni inayoingia ndani ya jeti. Endesha kilomita 10 kwa nguvu ya kati, zima injini ukiwa bado kwenye mwendo huo na gia imetolewa, simama pembeni mahali salama, toa plagi. Zima tu, usifikishe ufunguo mahali pa kufunga usukani. Rangi ya hudhurungi ni nzuri. Nyeupe kama majivu ina maana mafuta machache, na ukiendelea hivyo utachoma vavu. MGB nyingi za katikati ya miaka ya 1960 zina sindano namba 5. Namba 6 ndiyo yenye mafuta zaidi na kwa kawaida inatosha.

Yakitokea haya

Mlio wa kupasuka ukiachia mafuta kwenye mteremko. Wengi huupenda na kudhani ndio wa kispoti. Kwa kawaida ni hewa inayoingia kwenye kiungo kinachovuja na kuwasha petroli ambayo haijaungua. Tafuta uvujaji, ukianza na manifodi.

Tik-tik ya haraka injini ikiwa baridi, inayopotea ikipata moto. Si vavu; ni gasketi ya manifodi inayovuja hadi chuma kitanuke na kuziba. Haitajiponya.

Gari lilikuwa linavuta vizuri kutoka chini, sasa linalegea hadi 3,000. Bomba ni pana mno, au mchanganyiko umepungua mafuta. Rekebisha kabureta kabla ya kulaumu bomba.

Kugonga kwenye matuta tu. Bomba na ekseli. Rudi kwenye rampu ukiwa na watu wawili ndani, tafuta mahali palipong'aa.

Mvumo kwenye mwendo mmoja tu. Badili kwanza raba za vishikizo kwa laini zaidi, kisha zungusha mdomo wa nyuma uelekee pembeni au chini kidogo. Visiposaidia, ongeza silensa ya kati.

Anayepeleka gari kwenye uwanja wa mashindano Uingereza atapimwa kelele likiwa limesimama: maikrofoni nusu mita kutoka mdomoni, kwa pembe ya nyuzi 45. Uliza kiwango cha uwanja huo mapema, pima nyumbani kwanza, na uweke ndani ya buti kizibo cha ziada cha mdomo cha kupunguza kelele.

Baada ya safari ya kwanza iliyopasha kila kitu moto, acha gari lipoe usiku kucha, kisha kaza upya nati za manifodi kwa mkazo uleule wa Nm 20. Gasketi hulala, na karibu kila mara nati mbili tatu zitazunguka. Rudia kwa klempu na zile nati sita za shaba ukifika kilomita 500, halafu tena kila unapobadilisha oili.